Wimbo Ukiisha, Kila Mtu Akae

Mimi ni fundi makochi, na kochi la nyumbani kwangu lilikuwa bovu kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Msinicheke. Nani amemwona fundi aliyejitengenezea kitu kizuri? Mbao zilikuwa mabaki, sponji ilikuwa ya vipandevipande, na kitambaa kilikuwa cha rangi ambayo mteja mmoja aliikataa mbele yangu bila haya. Lilikuwa kochi la watu watatu. Watoto walikuwa wanne. Matatizo yote yalianzia hapo.

Kila alasiri wakitoka shule, televisheni ilikuwa yao. Walikuwa wakitazama katuni moja ya Kijapani. Nikisema katuni wananisahihisha mpaka leo, "Baba, siyo katuni, ni anime," utadhani nimemtukana mtu wa ukoo. Ilihusu msichana aliyebeba taa na kuzipeleka kwenye mji wa mlimani ambako jua halichomozi. Kila siku anapanda, anawasha nyumba moja, anashuka. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo, na mimi mpaka leo nasema wangeita fundi umeme mmoja mwenye akili zake wangemaliza mji mzima kwa wiki. Lakini kabla ya hadithi kulikuwa na wimbo wa kufungulia, na huo wimbo ndio ulioniulia springi zangu.

Ulianza taratibu, kinanda peke yake. Kisha ngoma zinaingia kwa kishindo, na sauti ya mwanamke inapanda, inazidi kupanda, mpaka unajiuliza mwenzetu huyu atapumulia wapi. Maneno sikuyaelewa hata moja. Na wao hawakuyaelewa, ila waliyaimba yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na huku wakiimba walikuwa wanaruka juu ya kochi, wote wanne kwa pamoja. Karakana yangu imegusana na sebule, ukuta ni mmoja tu. Nilikuwa nasikia kila springi inavyolia.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Nikaingia sebuleni na nyundo mkononi, uso nimeukunja, nikatoa sheria.

"Rukeni mnavyotaka mpaka wimbo uishe," nikasema. "Wimbo ukiisha, kila mtu akae. Atakayekosa nafasi atakaa chini, na sitaki kusikia mtu analia."

Nimetoa sheria nyingi katika nyumba ile, za sabuni, za viatu mlangoni, za kuzima taa. Nyingine zote zilipuuzwa. Hii ilishika kuliko nilivyotegemea, maana iliwapa kitu cha kushindania. Mapacha, watoto wangu wa kati, wakawa wajanja. Ngoma za mwisho zikikaribia wanaacha kuimba, wanajisogeza kila mmoja kwenye pembe yake, makalio yako tayari. Kitinda mimba, kwa kuwa alikuwa mdogo wa mwili, alipenyeza katikati. Mkubwa, kifungua mimba wetu, yeye aliimba mpaka mwisho. Ile sauti ya juu kabisa inayofunga wimbo aliipokea amefumba macho, mkono mmoja hewani. Akifumbua macho, kochi limejaa. Anakaa sakafuni, anakunja miguu, anaangalia katuni yake kwa raha zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, siku nenda siku rudi. Mimi baba mtu nikaanza kuumia kwa niaba yake. Nikamvuta pembeni nikamuuliza, "Wewe huoni wenzako wanakuwahi?"

"Naona."

"Sasa kwa nini na wewe usikae mapema?"

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto. "Baba, nikikaa mapema nitaukosa mwisho."

Nikarudi kwenye nyundo yangu.

Watoto wanakua, hata uwafungie kabatini. Mapacha wakaenda zao kutafuta maisha, wote wawili kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo, kwa kuwa hata kuachana hawajui. Kitinda mimba akaingia chuo. Na mkubwa akawa fundi umeme. Sikumshawishi mimi wala mama yake. Alimaliza shule, akasema anataka kuwasha nyumba za watu, akaenda kujifunza. Tangu alipopata cheti chake mimi namwita Fundi na yeye ananiita Fundi, na mama yake anasema tunajisikia sana.

Wimbo ule hakuuacha. Ukimwona juu ya ngazi na nyaya mdomoni, anaumumunya. Kazi ikimkalia vibaya, mteja akimpandishia sauti, anaingia kwenye gari lake, anafunga vioo, anaufungulia mara moja, anatoka mwepesi, anarudi kazini. Mama yake alimweleza mchumba wake mapema, ili asije akasema hakuambiwa. "Huyu akinuna usimbembeleze. Mwekee wimbo wake, nenda kapike chai, rudi."

Mchumba mwenyewe ni mpima ardhi, kijana mpole, anaongea kidogo na anakula vizuri. Sina neno naye.

Miezi michache kabla ya harusi, binti yangu huyo mkubwa akaja karakanani. Nilikuwa nimepiga magoti navisha mgongo wa kiti, pini zimejaa mdomoni. Hakunisalimia wala hakukaa. Alisimama chini ya ule msumari ambako tarumbeta langu lilikuwa limening'inia, juu ya marobota ya vitambaa, akalipangusa vumbi kwa kidole.

Hapa sharti nieleze. Kwa miaka mingi, Jumamosi na Jumapili mimi nilikuwa mpiga tarumbeta. Tulikuwa na bendi ndogo: mdogo wangu kwenye ngoma, kinyozi wa mtaani kwetu kwenye saksafoni, mimi mbele. Tumeingiza maharusi ukumbini wasio na idadi. Kisha jino langu la mbele likaoza, likang'olewa, nikawekewa la bandia. Jino la bandia halina ubaya kwa kula nyama au kucheka na watu. Lakini tarumbeta linataka meno yasimame imara nyuma ya mdomo. Nikipuliza, lile jino linasukumwa, mdomo unakufa ganzi, na sauti inayotoka ni ya mbuzi aliyekanyagwa. Wenzangu niliwaambia nimechoka kelele. Mke wangu pekee ndiye aliyejua ukweli. Tarumbeta likaenda ukutani.

"Fundi," binti akasema, "nina ombi moja tu la harusi. Kochi sitaki, vyombo sitaki."

"Kochi nimeshaanza."

"Basi kochi nataka. Lakini nataka wewe ndiye uniingize ukumbini. Na tarumbeta. Na wimbo wangu."

Nikazitema pini moja moja kwenye kiganja ili nipate muda. Nilijua ninachoombwa. Nikikubali, halafu siku yenyewe nikatoa ile sauti ya mbuzi mbele ya wakwe, mbele ya ukumbi mzima, nitakuwa nimemharibia mwanangu siku ambayo hatapewa nyingine. Nikikataa, itabidi niseme sababu, na uso ule, ambao katika miaka yote ya kukaa sakafuni haukuniomba kitu, utajifanya haujaumia.

"Utaingia na wimbo wako," nikamwambia.

Alinikumbatia nikiwa bado nimepiga magoti. Nilifurahi na nikaogopa kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilizidi.

Nikaanza mazoezi kwa siri, mlango wa karakana nimefunga. Siku ya kwanza sikufika hata pale ngoma zinapoingia. Mdomo uliniwaka moto, jino likacheza, nikakaa juu ya robota la sponji nikalitukana tarumbeta, daktari wa meno na Wajapani wote kwa pamoja. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa kitinda mimba, amerudi likizo, na kwa jinsi alivyosimama nilijua amesikia yote.

"Mama kaniambia habari ya jino," akasema.

"Mama yako hana siri."

"Baba, mimi nitakusaidia. Ila lazima kwanza uchangamke. Huwezi kupiga wimbo ule ukiwa na uso huo."

Akaweka simu yake juu ya meza ya kukatia vitambaa na kufungulia nyimbo. Zote zilikuwa za anime, zote za kufungulia. Ya wacheza mpira wa wavu ambao hawajawahi kushinda. Ya bibi anayeendesha treni angani. Ya mpishi na joka lake. Alikuwa amezikusanya mwenyewe, na aliniambia akiwa chuoni, mtihani ukimwelemea, ndizo anazoamkia. Mimi nikasema ni kelele, nikaendelea na kazi. Haukupita muda nikagundua napiga nyundo kwa mdundo wa wale wa mpira wa wavu. Kidogo kidogo nikawa nachukia simu ikiisha chaji.

Nitasema kama ilivyo. Zile nyimbo zilinifurahisha. Kila moja inaanza chini na inapanda, na hakuna hata moja inayokuuliza una umri gani au meno mangapi. Mteja mmoja alinikuta natikisa kichwa nikishona mto, akaniuliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia ndiyo.

Kwa raha hiyo mazoezi yakaanza kwenda. Nikajifunza kulisukuma tarumbeta pembeni kidogo ya lile jino, jambo ambalo mwalimu wangu wa zamani angenichapa kwalo. Mdomo ukawa unahimili mpaka kwenye ngoma, kisha mpaka kwenye ile sauti inayopanda. Mdogo wangu na kinyozi nikawaita. Hawakuuliza maswali, walikuja na vyombo vyao, na kinyozi akaja na mkasi pia, akanipunguza nywele bure kwa sababu alisema nilikuwa natisha.

Kitinda mimba alijaribu mara kadhaa. "Baba, ngoja nikuwekee wimbo wenyewe, uusikilize."

"Wimbo naujua," nikamjibu. "Mmenipigia kelele ukutani miaka na miaka, leo ndiyo unifundishe?"

"Lakini wenyewe ni..."

"Naujua. Tega sikio."

Nikampigia, kuanzia kinanda mpaka sauti ya mwisho, bila kukosea. Akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani amevutiwa.

Siku moja nikaufikisha mwisho na mdomo ukiwa bado unaniitikia, ingawa kwa shida. Hapo hapo baada ya sauti ya mwisho ukafa, hata maji niliyokunywa yalinitiririka kidevuni. Lakini mwisho nilikuwa nimeufikia. Mdogo wangu akaweka vijiti vya ngoma chini akanipa mkono. Nilitembea siku nzima kifua mbele.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mtu ambaye kitambaa cha kochi napima mara tatu kabla ya kukata. Mke wangu hunicheka kwamba hata mkate naupima. Ukumbi ule sikuupima. Sikwenda kuuona kabla. Nilichojali ni wimbo uishe kabla ya mdomo, na ulikuwa unaisha.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa mzuri, ila viti vyake vilikuwa vimepigwa pini na mtu mwenye hasira na maisha. Bendi tuliwekwa mbele kabisa, kando ya jukwaa, na juu ya jukwaa viti viwili vilivyopambwa vilikuwa vinawasubiri maharusi. Bwana harusi alikuwa ameshafika, amesimama pale na wazazi wake, anajifuta jasho. Toka mlangoni mpaka jukwaani lilitandikwa zulia jekundu. Nikaanza kulipima zulia lile kwa macho, lakini kabla sijafika mwisho wake, mshereheshaji akasema bibi harusi yuko mlangoni, tujiandae.

Mlango ukafunguliwa. Mwanangu alikuwa amevaa nguo nyeupe isiyo na mbwembwe, maua mkononi, kucha zake fupi za kazi vilevile. Nyuma yake mapacha ndani ya suti zinazofanana, na kitinda mimba amevaa gauni la buluu. Nikapiga moyo konde, nikapuliza.

Sauti ilitoka. Ilitoka safi, sijui niseme vipi, ilitoka kama zamani. Mdogo wangu akaingia na ngoma pale pale panapotakiwa, na mbele ya macho yangu uso wa binti yangu ukafunguka. Vijana waliokuwa ukumbini wakaanza kugeukiana na kucheka kwa furaha, waliujua. Nilipiga na machozi yananitoka, sikujali. Wimbo ukapanda, nikapanda nao.

Kisha nikatazama zulia. Mimi kichwani mwangu nilikuwa nimemwona mwanangu akitembea anavyotembea na ngazi yake begani, hatua ndefu, ana kazi ya kumaliza. Lakini bibi harusi hatembei hivyo. Alikuwa anakuja kwa maringo, hatua, anapumzika, hatua nyingine, na mapacha nyuma wanayumba kulia na kushoto na kufurahia nafsi zao. Walikuwa hawajafika hata katikati. Na mimi wimbo ulikuwa umebaki kipande cha mwisho tu.

Ningefanyaje? Nilipiga ile sauti ya juu, nikaishikilia mpaka nikaona nyota, ikakatika.

Pale pale mapacha wakakaa.

Sidhani walifikiri. Wimbo uliisha, na makalio yao yakatii sheria ambayo yamekuwa yakiitii tangu utotoni. Mmoja alipata kiti cha mtu aliyekuwa amesimama kupiga picha. Wa pili alijitupa nyuma bila kuangalia akamkalia shangazi wa bwana harusi mapajani. Kitinda mimba alijibana kwenye benchi kati ya wazee wawili. Katikati ya zulia akabaki mkubwa peke yake, amefumba macho, mkono wenye maua uko hewani.

Akafumbua macho. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nafasi zote zimejaa. Basi akakusanya gauni lake, akakaa chini juu ya zulia, akakunja miguu.

Ukumbi ulipigwa na butwaa. Mshereheshaji akaanza kupekua ratiba yake. Mama wa bwana harusi alimshika mumewe mkono. Na mimi nilikuwa nimesimama na tarumbeta langu, mdomo umekufa, damu imenipanda usoni, na nilichokuwa nakiogopa miezi yote hiyo kilikuwa kimetokea mbele ya wakwe. Nilitamani ardhi inimeze na tarumbeta langu.

Binti akaniangalia kutoka kule chini. Hakuwa amekasirika hata chembe.

"Baba," akasema, na ukumbi mzima ukasikia, "wimbo umeisha."

"Nimeona," nikajibu.

"Kaa basi."

Nikageuka nyuma. Mdogo wangu alikuwa amekalia kigoda cha ngoma. Kinyozi, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa ameshakaa kwenye spika. Katika bendi nzima aliyekuwa amevunja sheria yangu ni mimi. Nikalifuata zulia, nikatembea mpaka alipo, nikajishusha taratibu, magoti yakalia, nikakaa sakafuni kando ya mwanangu.

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu. Nakijua kicheko kile, kinaanzia kifuani na hakina breki. Akafuatia shangazi wa bwana harusi, ambaye bado alikuwa amepakata pacha. Kisha wakacheka wote, na lilikuwa cheko zuri, halikuwa na ubaya ndani yake. Bwana harusi akashuka jukwaani, akaja mpaka kwetu, akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta kiti.

"Na mimi nimekosa nafasi," akasema, akakaa upande wa pili wa binti yangu na suti yake mpya. Pale ndipo nilipompenda kabisa.

"Fundi," binti akaninong'oneza, "kitambaa umekikata kifupi."

"Nimekata kama nilivyousikia."

"Huo ni wa kwenye televisheni tu. Wanaukata ili hadithi ianze. Wenyewe una ubeti wa pili, na mwingine baada yake."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote, Baba."

Nikamtafuta kitinda mimba kwa macho. Alikuwa ameinua kichwa anakagua dari la ukumbi kwa makini makubwa.

"Huo wa pili siuwezi, mama," nikamwambia. "Mdomo umekwisha."

Hapo akanitazama usoni vizuri, akauona mdomo ulivyovimba. Akaugusa kwa kidole, kidogo tu. "Ni lile jino?"

"Ni lile jino."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia nisipige."

"Ningekuambia." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, kama afanyavyo kazini. "Basi umeshanifikisha katikati. Huku kulikobaki ninakuchukua mimi."

Akaanza kuimba. Aliimba pale pale sakafuni, ubeti wa pili, yale maneno yasiyo na maana kwangu. Mdogo wangu akamfuata kwa ngoma, kinyozi akamfuata kwa saksafoni. Mapacha wakainuka walipokuwa, wakaingilia kwa sauti zao nzito, na kitinda mimba, na vijana wa pande zote mbili. Bwana harusi alikuwa anaujua wote; kumbe kila alipokwenda kupika chai alikuwa anausikiliza toka jikoni. Tukasimama, na ukumbi wote ukasimama nasi. Mimi nilihitaji kuvutwa, nikavutwa. Binti akanishika mkono wa kuume na mumewe mkono wa kushoto, tukaendelea na zulia.

Ubeti wa pili niliutambua, ulikuwa na sauti zile zile za ukutani kwangu. Lakini baada yake kulikuja mahali nisipopajua. Ngoma zikanyamaza, kila kitu kikanyamaza, akabaki anaimba yeye chini chini, peke yake, polepole sana. Miaka yote ile nilidhani naujua wimbo wa mwanangu, na kumbe moyo wake wenyewe sijawahi kuusikia. Niliusikiliza. Sikuona aibu tena kwa chochote.

Kisha ngoma zikarudi na kila mtu akapanda nazo, na mimi nikapanda, kwa maneno ya kubuni. Tulifika jukwaani wimbo ukiwa unaelekea ile sauti ya mwisho. Nikaiona inakuja, naijua inavyokuja. Niliachia mkono wake, nikazunguka haraka nyuma ya kile kiti kilichopambwa, nikakishika mgongo kwa mikono miwili.

Pacha mmoja alikuwa ameshaanza kuinama akikalie. Nikamtazama. Akanyooka.

Wimbo ukaisha. Watu wakakaa ukumbi mzima, kwa kishindo, wageni na wenyeji. Mwanangu alikuwa amefumba macho, mkono hewani, ameufikia mwisho wote. Sikumharakisha. Alipofumbua macho akageuka, na nafasi yake ilikuwepo.

Akakaa.